Risasi ya Kwanza Ikipanda: Hila za Regyuleta ya Bunduki ya Upepo

Mlenga shabaha amefyatua risasi tano kwa utulivu. Akienda kuitazama kadi ya shabaha, anakuta tundu moja liko juu peke yake, na manne yamebanana chini yake. Hakuna lililokwenda kushoto wala kulia. Wengi hapo hukimbilia darubini, wakaanza kuzungusha skrubu zake. Wakishazungusha, risasi zilizokuwa sawa nazo zinaharibika, na siku nzima inaishia katika kufukuzana na tatizo ambalo halikuwa kwenye darubini tangu mwanzo.

Risasi zinazopanda na kushuka bila kuyumba kando mara nyingi zinasema jambo moja: hazitoki mtutuni kwa mwendo uleule. Na katika bunduki za hewa iliyoshindiliwa, mtuhumiwa wa kwanza ni kidude kinachoenea kiganjani, regyuleta.

Anayepikia gesi anaijua ndugu yake, ile inayofungwa juu ya mtungi ili moto wa jiko usibadilike mtungi ukiwa umejaa au umepungua. Ya bunduki hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa shinikizo kubwa mno. Mtungi wa bunduki za mashindano ya mita 10 kwa kawaida hujazwa hadi shinikizo la baa 200. Regyuleta huishusha hewa hiyo hadi kiwango kilichopangwa, kisha kiasi kidogo hukaa katika chemba nyuma ya vali kikisubiri kifyatulio kivutwe.

Ndani yake hamna maajabu. Kuna rundo la washa za chuma zenye umbo la kisahani zinazofanya kazi ya springi, pistoni, pete chache za mpira ambazo mafundi huziita oringi, na kiti kidogo cha plastiki ngumu. Risasi ikitoka, shinikizo la chemba hushuka, washa zikaisukuma pistoni, njia ikafunguka, hewa ikaingia. Chemba ikifikia kiwango chake, hewa hiyohiyo huirudisha pistoni ikakae kitini na njia ikafungwa.

Kila kitu basi kinategemea pale pistoni inapokutana na kiti. Chembe ya vumbi, mkwaruzo usioonekana kwa macho, grisi iliyozidi au unyevu ulioingia wakati wa kujaza, vyote vinatosha kuacha upenyo. Hewa itaendelea kupenya polepole kutoka mtungini kwenda chembani. Haitoki nje, kwa hiyo hakuna mlio wa kuvuja, na geji ya mtungi haionyeshi la maana. Bunduki ikilala usiku kucha, chemba huamka na shinikizo lililopita kipimo. Risasi ya kwanza ya asubuhi inatoka kwa kasi zaidi na kupiga juu. Ya pili inarudi mahali pake, na mwenye bunduki anajisemea kwamba mtutu ulikuwa baridi. Kisingizio hicho cha mtutu baridi kimezificha regyuleta mbovu nyingi.

Kinachowachanganya hata wazoefu ni kwamba ugonjwa huohuo unaweza kutoa dalili ya kinyume. Vali hufunguliwa kwa kugongwa na nyundo ndogo, na shinikizo la chemba ndilo linaloibana vali isifunguke. Likipanda kupita nguvu ya nyundo, vali hufunguka kidogo tu na kujifunga upesi. Hapo risasi ya kwanza hutoka dhaifu na kupiga chini. Bunduki mbili zenye hitilafu ile ile, moja inapiga juu, nyingine chini. Tofauti ni jinsi nyundo zao zilivyokazwa.

Lipo pia tatizo la chemba kujaa polepole. Pistoni ikikwama kwa uchafu au grisi iliyoganda, chemba huchelewa kurudi kwenye kiwango chake. Anayefyatua kwa kupumzika haoni kitu. Anayeharakisha ataona risasi zikishuka moja baada ya nyingine. Na mtungi ukipungua hadi chini ya kiwango cha regyuleta, risasi zitashuka vilevile, lakini huo si ubovu. Ni hewa imekwisha.

Je, hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani? Risasi ya mita 10, yenye kipenyo cha milimita 4.5, hutoka kwa takriban mita 170 kwa sekunde. Mwendo ukitofautiana kwa mita 5 tu kwa sekunde, hesabu ya mvutano wa dunia inaonyesha risasi itahama wima kwa takriban milimita moja. Kwenye shabaha ya Olimpiki, ambayo alama 10 yake ni kidoti cha nusu milimita, milimita moja inaweza kugharimu sehemu nne za kumi za alama. Katika fainali ya wanawake ya mita 10 huko Tokyo, Julai 2021, Yang Qian wa China alimshinda Mrusi Anastasiia Galashina kwa 251.8 dhidi ya 251.1. Pengo la sehemu saba baada ya risasi 24! Hiyo haimaanishi bunduki ilikosea, lakini kipimo cha mchezo ndicho hicho. Kwa wanaolenga mita 50, tofauti hiyohiyo ya asilimia tatu inaweza kuzidi sentimita moja na nusu.

Nchini Uingereza hitilafu hii ya regyuleta inagusa hata sheria. Bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16, inahitaji cheti cha silaha. Iliyorekebishwa karibu sana na kikomo hicho inaweza kukivuka kwa risasi ya kwanza tu ya asubuhi.

Kipimo cha kuaminika ni kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Bunduki iachwe na hewa usiku kucha, risasi ya kwanza ipimwe, kisha ipigwe kumi za haraka na kumi za kungojeana nusu dakika. Ya kwanza ikiachana sana na wenzake, au makundi hayo mawili yakitofautiana, regyuleta ifunguliwe. Kabla ya hapo hewa yote itolewe. Baa 200 hazina mzaha. Oringi hubadilishwa, kiti husafishwa, na grisi iwe ya silikoni, kwani mafuta yatokanayo na petroli ndani ya hewa iliyoshindiliwa yanaweza kuwaka.

Mwendo ukionekana thabiti na bado kadi inatawanyika, regyuleta iachwe ilivyo. Ziangaliwe skrubu za kitako, mdomo wa mtutu na aina ya risasi.