Jina la mama katika kitabu cha parokia



Katika mkutano wetu uliopita tuliulizana swali moja jepesi: mama wa bibi yako aliitwa nani, na alitoka kijiji gani? Wachache tu walijibu. Wengine walijua jina la babu na la baba yake, lakini kwa upande wa wamama tulinyamaza. Vita na kukimbia vimeharibu karatasi nyingi, na wazee waliokuwa wanajua wanatuacha mmoja mmoja.

Shida hii si yetu peke yetu. Juma hili tuangalie watu wa Ayalandi, ile nchi tunayoizoea kwa jina la Irlande. Wakati wa njaa kubwa, kati ya 1845 na 1852, karibu watu milioni moja walikufa kule, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Leo wajukuu wao wanatafuta walikotoka.

Lakini mwezi wa sita 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Karatasi za hesabu ya watu tangu 1821 mpaka 1851 karibu zote zikawa majivu. Vitabu vingi vya Kanisa la Anglikana viliteketea pia, kwa sababu serikali ilikuwa imeviweka chini ya ulinzi wake, na vingi vilikuwa vimepelekwa mle.

Na vitabu vya Wakatoliki, waliokuwa wengi na maskini? Hivyo serikali haikuviomba. Vilibaki parokiani, katika kabati la paroko, na ndiyo sababu vilipona. Baadaye maktaba ya taifa ilivipiga picha, na tangu 2015 kila mtu anaweza kuvisoma kwenye intaneti bila kulipa.

Wanatafutaje basi? Wanaanza na wanaowajua, wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Tangu 1864 serikali iliandika kila ndoa, na karatasi hiyo inataja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na ya baba wa bibi harusi. Kwa ndoa za Kikatoliki za kabla ya hapo, lazima kwenda kwenye kitabu cha kanisa. Humo mara nyingi utakuta tarehe, majina ya waliofunga ndoa na ya mashahidi wawili, basi.

Tena kuna mitego. Padri aliandika mara nyingi kwa Kilatini: Bridget anakuwa Brigida, James anakuwa Jacobus. Jina la ukoo nalo linabadilika: leo O'Reilly, kesho Reilly tu. Wenye kuzoea kazi hii hawapiti mashahidi haraka. Shahidi anaweza kuwa dada wa bibi harusi au jirani wa kijiji kimoja, na kwa kumfuata yeye unafika kwenye jamaa nzima. Tena wanajua kwamba ndoa ilifungwa kwa kawaida katika parokia ya msichana. Kwa hiyo kitabu cha ndoa kinaonyesha njia ya kurudi kwa watu wa mama.

Katika kitabu cha ubatizo, kwa kawaida mama anaandikwa kwa jina la kwao, si la mume. Mwanamke ambaye hakuwa na shamba wala cheo anaonekana hapo kwa jina lake mwenyewe, kila mara alipoleta mtoto.

Fikirini Roger Casement, yule ambaye ripoti yake ya 1904 ilifunua mateso ya mpira katika Kongo ya Leopold II. Alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, na baba yake alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1868 mama yake, Anne Jephson, alimpeleka kwa siri kwa padri katika mji wa Rhyl, Wales, abatizwe Mkatoliki. Mama huyo alikufa Roger akiwa na miaka tisa tu. Lakini tendo lake halikupotea, na mwanawe alipokufa mwaka 1916, alikufa Mkatoliki.

Wamama, sisi tufanye nini? Tusingoje vitabu vikubwa vya serikali. Juma hili kila mmoja wetu achukue kayee ya mtoto, aandike jina lake la kwao, la mama yake na la bibi zake wote wawili. Aongeze kijiji, parokia au kanisa, mwaka wa ndoa, na majina ya waliosimamia ndoa na ubatizo. Ukiwa na mzee nyumbani, kaa naye jioni umuulize, na andika jinsi anavyotamka. Kisha nakili mara mbili: moja ibaki kwako, nyingine ikae kwa dada yako anayeishi mji mwingine. Moto hauunguzi nyumba mbili siku moja.

Kwenye mkutano ujao tutaulizana tena swali lilelile. Njooni na majina.