Krismasi Ugenini: Wagusii wa Minnesota na Majirani Zao (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza jinsi Desemba inavyowarudisha Wagusii Kisii na Nyamira: nauli kutoka Nairobi zinavyopanda, wavulana wanavyotahiriwa shule zikiwa zimefungwa, na boma moja baada ya jingine linavyojaa wana ambao hawakuonekana tangu Januari. Leo nawageukia wasioweza kurudi, hasa waliohamia jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mpakani na Kanada. Walitangulia wanafunzi, wakawaita ndugu, ndugu wakawaita majirani, na sasa Wagusii ni jamii inayojulikana Minneapolis na katika vitongoji vyake kama Brooklyn Park.

Krismasi ya Gusii, tukiitazama vizuri, ni sikukuu ya kurudi. Aliyefika nyumbani, akaonana na wazee, akala kuku na chapati, ameshaisherehekea hata kama hakutia mguu kanisani. Iondoe safari hiyo, na kinachobaki ni kidogo mno. Wengi hulitambua hilo mwaka wao wa kwanza ng'ambo, wakiwa peke yao chumbani na simu mkononi. Naamini wanaoipata tena sikukuu yao ni wale wanaoacha kuhesabu nani hayupo, wakamfungulia mlango yeyote aliyepo.

Tuanze na saa, maana huko saa ndiyo inayoamua kila kitu. Wakati wa baridi Minnesota iko nyuma ya Kenya kwa saa 9. Saa sita za usiku zinapofika Kisii na Krismasi kuingia, Minneapolis ni saa tisa alasiri, tarehe 24 bado. Ndiyo saa ambayo zamu hubadilishana katika hospitali nyingi na nyumba za kutunzia wazee, na Wagusii wengi wamo humo wakiwa wauguzi na wasaidizi wao. Anayetoka kazini hupiga simu nyumbani akiwa garini, injini ikiunguruma ili joto lipande, barafu ikiwa bado imeganda kwenye kioo cha mbele. Anayeingia hupata dakika chache tu za kumsikia mama yake kabla ya kufungia simu kabatini. Ugonjwa hauna sikukuu, na kwa kuwa waajiri wengi hulipa siku hiyo mara moja na nusu, wapo wanaoiomba zamu hiyo wenyewe, kwani karo ya mdogo wao inangoja Januari. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Kwa sababu hiyo karamu ya huko haina saa maalumu. Chakula huiva mapema, sahani zikafunikwa kwa foili na kuandikwa majina, na hadi usiku wa manane mlango hugongwa na mtu aliye bado katika sare ya kazi. Nilipata kuketi katika jiko moja la namna hiyo. Mwenyeji, mama wa kutoka Nyamira, alikuwa akisonga ugali wa wimbi kwa unga alionunua duka la Wahindi, ambako mfuko huandikwa ragi. Aliongeza unga wa muhogo kidogo ili ushikane, akabana sufuria kwa kitambaa kwa mkono mmoja, kwa kuwa jiko la umeme ni laini na sufuria huteleza. Zamu ya chapati ilipofika, binti yake alitumwa kufungua dirisha, baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikaingia ndani, kwani king'ora cha moshi darini hakikusamehe mafuta yanayoungua. Mboga ilikuwa chinsaga. Wapo Wagusii wanaolima chinsaga na managu katika kiangazi kifupi cha Minnesota na kuwauzia wenzao; mwenye busara huchemsha, akagandisha kwenye friji, akaitoa Desemba.

Mbuzi alitoka kwa Wasomali. Minneapolis ina jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na wengi wao waliishi Kenya kwanza, kambini Dadaab na Kakuma au mtaani Eastleigh. Basi Msabato wa Nyamira huenda kununua nyama ya Krismasi kwa Mwislamu aliyechinja kwa jina la Mungu, wakapatana bei kwa Kiswahili, wakaulizana habari za Nairobi. Sherehe zenyewe hawashiriki, lakini mmoja hutegemea mkono wa mwenzake ili meza ikamilike. Upande wa pili wa mtaa kuna Waliberia, walio wengi sana Brooklyn Park, nao huleta kisamvu kilichopikwa kwa mawese na pilipili inayotoa machozi.

Sasa tufike kwenye imani, kwa sababu hapa watu wa nje hutuelewa vibaya. Dini ziliingia Gusii kwa vituo: Wakatoliki Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Wasabato Nyanchwa mwaka 1912. Ukoo mmoja unaweza kuwa na wa huku na wa kule. Kwa Mkatoliki, misa ya mkesha ndiyo kilele. Kwa Msabato, tarehe 25 Desemba si siku iliyoamriwa na Maandiko. Siku takatifu ni Sabato, inayoanza jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Hata hivyo Ellen White, miongoni mwa waasisi wa kanisa hilo, hakuipiga marufuku Krismasi, bali alishauri itumiwe kumtolea Mungu na kuwakumbuka maskini. Wasabato wengi wa Gusii hula sikukuu wakiwa na msimamo huo.

Nyumbani jambo hili la Sabato kuanza jua linapotua halina usumbufu, kwani tuko karibu na ikweta na jua hutua kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Minneapolis ni kisa kingine. Mwezi Juni jua hutua yapata saa tatu usiku. Mwishoni mwa Desemba, karibu saa kumi na nusu alasiri. Mwaka 2020 Krismasi iliangukia Ijumaa, kwa hiyo aliyechelewa kuweka sufuria motoni alikutwa na Sabato kabla nyama haijaiva. Mwaka uliofuata Krismasi ikawa Jumamosi yenyewe, na mapishi yote yakabidi yafanywe Ijumaa, siku ya maandalio. Mataifa mengine yaliimba nyimbo za Krismasi. Wasabato wa Gusii walifungua kitabu chao, Nyimbo za Kristo, na baada ya ibada wakala pamoja katika ukumbi wa kanisa, kila familia na sufuria yake.

Kuna uhusiano mmoja ambao unanifurahisha kuliko yote, nao ni wa Walutheri. Mwaka 1948 wamisionari kutoka Uswidi walianzisha kituo Itierio, Kisii, na hapo ndipo Kanisa la Kilutheri nchini Kenya lilipochipukia. Minnesota nayo ilijazwa na wahamiaji wa Uswidi na Norwe katika karne ya 19, wakaijengea makanisa ya Kilutheri kila kona. Kwa hiyo Mgusii aliyelelewa Itierio, akihamia Minneapolis, hukutana na vitukuu wa wakulima waliotoka nchi ileile iliyowaleta walimu wa babu yake. Tarehe 13 Desemba atawaona wakiadhimisha siku ya Mtakatifu Lusia, msichana akiongoza maandamano na taji la mishumaa kichwani. Atakaribishwa lutefisk, samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi makali hadi akalainika kabisa, chakula ambacho wengi wetu hukimeza kwa heshima tu. Lakini atapewa pia lefse. Wanaponda viazi, wanachanganya na unga na siagi, wanasukuma hadi mkate uwe mwembamba, wanageuza kwa kijiti kirefu juu ya kikaango bapa. Mama yule wa Nyamira alialikwa na jirani yake mzee, mwenye asili ya Norwe, kujifunza kazi hiyo. Hakuhitaji mafunzo ya kusukuma. Mzee alimwachia ubao mapema, akabaki yeye kugeuza. Krismasi iliyofuata mzee huyo alikuwa mezani kwa Wagusii, akila chapati kwa mchuzi wa mbuzi.

Wanaonipa wasiwasi ni watoto waliozaliwa huko. Wanawajua Waliberia, wanaijua lefse, lakini nyanya yao wanamwona kwenye skrini ya simu, saa tisa alasiri, akiwa amekesha ili awaone. Wazazi wengi wameanza kuwakusanya kwenye makambi ya Wasabato wa Gusii huko Marekani, ambako huimba na kuomba kwa Ekegusii siku kadhaa mfululizo. Makambi hayo, na yale ya Agosti yanayojaza viwanja vya makanisa Kisii na Nyamira, ndiyo nitakayoyaeleza wiki ijayo.