Bango la Udh-hiya
Ikikaribia Idi ya kuchinja, simu za akina mama hujaa mabango: mbuzi, maua, mwezi na nambari zimebanana hata bei haionekani. Sisi twaonelea picha moja yatosha. (Hukumu ya picha za kamera wanazuoni wamehitilafiana; leo hatuingii humo.) Unsplash na Pixabay wana picha zinazoruhusiwa kutumiwa bure, nyingine za mtandaoni zina wenyewe, na kuzichukua bila idhini ni kula haki ya mtu. Mnyama akae chini pembeni, uso ukielekea maandishi, na kwengine paachwe wazi. Rangi mbili, bei, siku ya mwisho. Ila anayetangaza kondoo aliyenona, na zizini mwake mna mbuzi kiguru asiyesihi kuchinjwa, amemghushi mjane aliyedunduiza mwaka mzima. Huyo na ampige picha mbuzi wake mwenyewe, asubuhi, mbele ya ukuta wa chokaa.