Usiongeze kifurushi bado, ipe ekstenda waya kwanza

Kama unafanya kazi za mtandaoni ukiwa kejani, hii unaijua. Simu inaonyesha Wi-Fi imejaa, mistari yote, lakini ukiingia kwenye mkutano wa Zoom sauti inakatikakatika na mteja anauliza kama bado uko. Ukikatika hivyo mara tatu, kazi anapewa mwingine.

Wasee wengi hapo hukimbilia kifurushi kikubwa. Lakini kwanza pima kasi ukiwa umesimama kando ya ruta. Kama hapo iko poa na chumbani ni kobe, shida si kifurushi. Shida ni safari.

Ekstenda ni mpiga umbea. Inasikia kutoka kwa ruta, kisha inakurudilia. Ikitumia masafa yale yale kupokea na kutuma, haiwezi kusikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa hivyo kasi hushuka karibu nusu. Kuta za mawe nazo zinakula yake. Na ile mistari unayoona ni ya simu na ekstenda tu. Haikwambii kama ekstenda yenyewe inaisikia ruta vizuri.

Dawa ni waya. Ekstenda nyingi zina tundu la kebo ya intaneti. Tafuta kebo ya Cat5e, ambayo hufika hadi mita 100. Chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la ruta, mwingine kwenye ekstenda. Ingia kwenye mipangilio yake kwa simu, toa "Range Extender" uweke "Access Point". Ipe jina na nenosiri sawa na la ruta, lakini chaneli tofauti. Kwa 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo hazigongani.

Chunga kitu kimoja ukienda kununua, hata kama ni Luthuli Avenue. Kuna modeli ambazo tundu lake ni la kupeleka intaneti kwa TV au kompyuta pekee. Uliza kama ina "Access Point" kabla ya kutoa pesa. Pia, matundu ya zile za bei ya chini mara nyingi huishia Mbps 100, na hiyo bado ni nyingi kwa mkutano wa video.

Kebo unalipia mara moja. Kifurushi, kila mwezi.