Chipu ya Dola 25

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hutumia simu kila siku. Tunapiga picha, tunatuma salamu, tunafanya hesabu. Lakini ukimwuliza mmoja wetu, "Kitu hicho hufanyaje kazi ndani?" atakujibu kwamba hayo ni maarifa ya Wazungu, kisha ataanza mazungumzo mengine. Mimi jibu hilo silipendi. Ni kweli kwamba simu ya leo ina transista mabilioni, wala hakuna mtu mmoja awezaye kuzijua zote. Hata hivyo iko njia ya kufikia maarifa hayo, nayo ni kuanza na kompyuta za zamani.

Ulimwenguni wako watu wengi, vijana kwa wazee, ambao furaha yao ni kuzifungua kompyuta hizo, kuzichunguza na kuzitengeneza. Neno la Kiingereza tunalolifasiri "mdukuzi" siku hizi limechafuliwa na wezi. Lakini zamani, katika chuo cha MIT huko Marekani, lilikuwa neno la sifa. Mdukuzi alikuwa mtu asiyetosheka mpaka ajue kitu kinavyofanya kazi. Basi nataka kuwaeleza habari za chipu moja ambayo watu hao wanaipenda sana. Jina lake ni namba tu: 6502.

Chipu hiyo ilitengenezwa mwaka 1975 na kampuni ya MOS Technology ya Marekani. Kiongozi wa kazi alikuwa Chuck Peddle, aliyetoka kampuni ya Motorola pamoja na wenzake kadha. Wakati ule chipu zilikuwa ghali mno. Ile ya Intel iitwayo 8080 ilipotoka mwaka 1974, bei ya moja ilikuwa dola 360. Peddle aliiuza yake kwa dola 25 katika mji wa San Francisco, Septemba 1975. Miongoni mwa walionunua alikuwemo kijana Steve Wozniak, naye akaitumia kuunda kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976. Ndivyo kompyuta ilivyoanza kutoka katika maofisi makubwa na kuingia majumbani.

Sasa tuangalie inavyofanya kazi. 6502 ina miguu 40, na ndani yake transista zipatazo 3,500 tu. Fikirini ofisi ya posta yenye masanduku 65,536, kila moja na namba yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Kila sanduku lina namba moja tu ndani yake, kuanzia 0 mpaka 255. Chipu ni kama karani: husoma namba sanduku baada ya sanduku, na kila namba ya amri humwambia afanye nini. Meza yake ya kufanyia hesabu huitwa A. Tazameni kazi hii ndogo:

24 – futa moja iliyobaki mkononi kutoka hesabu iliyopita;
169, 5 – weka 5 katika A;
105, 3 – ongeza 3 juu ya kilichomo katika A;
133, 16 – peleka kilichomo katika A kwenye sanduku namba 16.

Basi, ndani ya sanduku 16 sasa mna 8. Kazi yote imeandikwa kwa namba saba tu, nayo humalizika kwa mapigo 9 ya saa ya chipu. Saa hiyo ikipiga mara milioni moja kwa sekunde, kazi imekwisha katika sehemu 9 za milioni ya sekunde. Hakuna uchawi hapo. Ni hatua ndogo ndogo zinazofuatana upesi sana. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2009 wachunguzi wachache waliondoa kifuniko cha chipu moja ya 6502, wakaupiga picha uso wake, kisha wakachora kila transista na kila njia ya umeme. Kutokana na mchoro huo walitengeneza programu inayoonyesha umeme ukipita ndani ya chipu, pigo kwa pigo.

Pengine mtasema, "Mambo ya kale yatatufaa nini?" Sikilizeni. Kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, iliitumia 6502 katika kompyuta ya BBC Micro ya mwaka 1981, iliyoenea sana mashuleni huko. Baadaye walitaka chipu yenye nguvu zaidi. Sophie Wilson na Steve Furber walikwenda Arizona mwaka 1983 kumtembelea Bill Mensch, mmoja wa waundaji wa 6502. Walitazamia kuona kiwanda kikubwa. Wakakuta watu wachache katika nyumba ya kawaida, wakibuni chipu. Wakajiambia kwamba hata wao wanaweza. Mwezi wa Aprili 1985 chipu yao ya kwanza, ARM, ilifanya kazi. Leo chipu za ukoo huo zimo karibu katika simu zote za kisasa, hata hiyo iliyo mfukoni mwako.

Watu wale hawakuwa majini. Walianza kwa kuijua chipu ndogo kabisa, mguu kwa mguu, amri kwa amri, ndipo wakathubutu kubuni yao. Kwetu mafundi hodari wa kubadilisha vioo na betri za simu hawakosi. Lakini wabunifu wa chipu ni wachache mno. Yafaa sisi tuanze sasa. Zile amri za 6502 ni 56 tu, nazo zaweza kujifunzwa hata kwa kalamu na karatasi. Chora masanduku yako, andika namba zile saba, kisha badili 5 iwe 7, na 3 iwe 9. Uwe wewe mwenyewe karani, ukaone kitakachoingia katika sanduku namba 16.