Monita ya laptopu: Pima kimo chake kabla ya ukubwa

Maumivu ya shingo na macho yanayowasha kufikia jioni si maradhi ya wafanyakazi wa maofisi makubwa ya Nairobi pekee. Moi's Bridge, mji wa mahindi ulio mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge, una makarani wa maghala ya nafaka, wenye maduka ya pembejeo, walimu wanaojaza alama za wanafunzi na vijana wa saiba ambao hukesha kila mwisho wa Juni wakiwajazia wananchi fomu za ushuru. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwenye laptopu, saa sita hadi nane kwa siku.

Ikiwa wewe msomaji ni mmoja wao, huenda tayari umeshauriwa ununue monita ya kuunganisha na laptopu yako. Ushauri huo ni mzuri. Hata hivyo, monita isiyofaa, au iliyowekwa vibaya, itakuacha na maumivu yale yale na mfuko mtupu.

Kwanza tuelewe kwa nini laptopu huumiza. Skrini na kibodi yake vimeunganishwa pamoja. Ukiiweka mahali ambapo mikono inastarehe, shingo inainama. Ukiinyanyua ili shingo inyooke, mikono na mabega yananing'inia. Jambo hili lilijulikana mapema. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu kazi za skrini, zilizotokana na agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990, zilitaka kibodi iwe imetengana na skrini. Kompyuta za kubeba zilisamehewa, lakini kwa sharti kwamba zisitumiwe kwa muda mrefu. Sisi tunazitumia kutwa nzima.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa kimesimama wima juu ya uti wa mgongo, uzito huo hausumbui. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo kutoka New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa kikiinamishwa kwa nyuzi 30, shingo hubeba mzigo wa takriban kilo 18, na kwa nyuzi 60 mzigo hufika kilo 27. Hesabu hizo zilifanywa kwa mfano wa kompyuta wala si kwa watu hai, hivyo zisichukuliwe kama mizani ya dukani. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na kila anayepalilia kwa jembe la mpini mfupi anaujua.

Kimo na umbali

Basi swali la kwanza dukani lisiwe, "Ni inchi ngapi?" Uliza, "Je, inapanda na kushuka?" Ukiwa umeketi wima, ukingo wa juu wa skrini unafaa kuwa sawa na macho yako au chini yake kidogo, na skrini iwe mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa. Monita nyingi za bei nafuu zina mguu unaoinamisha skrini mbele na nyuma tu, bila kuipandisha. Hilo si sababu ya kuikataa. Igeuze utazame mgongoni: ikiwa ina matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba, kwa kawaida milimita 100 kwa 100, unaweza kuifunga kwenye mkono wa chuma au ukutani. Ikikosa hata hayo, fundi seremala atakuchongea kigoda cha kuiweka juu yake.

Wanaovaa miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini, jambo la kawaida baada ya miaka 40, wawe waangalifu. Wao huinua kidevu ili wapate kusoma kupitia sehemu hiyo, na monita iliyo juu huwaumiza shingo kwa nyuma. Kwao skrini ishuke zaidi.

Nakuomba pia usinunue monita bila kibodi na kipanya vya kando. Watu wengi huweka monita nzuri nyuma ya laptopu, kisha wanaendelea kuandika kwenye laptopu ile ile wakiwa wamejikunja. Na kama pesa hazitoshi kwa sasa, anza na hivyo viwili: kibodi na kipanya, halafu laptopu yenyewe ipandishwe juu ya vitabu. Kwa mtu ambaye skrini yake ni ya inchi 15 na maandishi yake yanasomeka vizuri, huenda asihitaji monita kabisa. Wauzaji hawatakwambia hivyo.

Ukubwa na ukali wa maandishi

Hapa ndipo wengi hupotea. Picha ya skrini hujengwa kwa vitone vidogo. Monita ya inchi 24 yenye vitone 1920 kwa 1080 ina takriban vitone 92 katika kila inchi. Ukichukua ya inchi 27 yenye idadi ile ile, vitone vinatawanyika hadi kama 82 kwa inchi, na maandishi huanza kuonekana yamechakaa pembeni. Kwa hiyo kwa kazi ya kusoma na kuandika, ile ndogo ya inchi 24 huwa nzuri kuliko ile kubwa ya bei ya juu, ila kama ile kubwa ina vitone vingi zaidi, tuseme 2560 kwa 1440. Nayo ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi, kwa hiyo pima meza yako kabla ya kupanda matatu.

Zipo pia zile za mraba za inchi 17 na 19 zilizotumika ng'ambo na kuletwa huku zikiwa mitumba. Baadhi yake ni nzuri kwa kazi ya maandishi. Nyingine zimezeeka: ndani huangazwa na mirija mithili ya zile taa ndefu za dari, na mirija hiyo ikichoka, skrini huwa hafifu na ya manjano. Muuzaji aiwashe, aonyeshe ukurasa mweupe, nawe ukae nayo angalau robo saa. Tazama kama mwanga ni sawa kote na kama kuna madoa. Kisha punguza mwanga na uitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari minene myeusi ikikimbia juu ya picha, huenda taa yake inawaka na kuzimika kwa kasi ambayo macho hayaioni, lakini ambayo huwaletea baadhi ya watu maumivu ya kichwa. Hiki si kipimo cha maabara, ila kinasaidia.

Chagua skrini isiyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Katika vyumba vyetu, ambapo jua huakisiwa na paa la mabati la jirani na kuingia dirishani, skrini inayong'aa humfanya mtu akunje shingo akitafuta pembe ya kuonea. Dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala nyuma. Kuhusu waya, tazama tundu la laptopu yako kabla ya kwenda dukani.

Uvumi na ukweli

Bado kuna wanaoogopa "miale" ya skrini. Hofu hiyo ilianza enzi za monita nzito zenye mgongo mkubwa. Skrini bapa za leo hazitoi eksirei. Siku hizi biashara imehamia kwenye miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Mwaka 2023 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa majaribio 17, na matokeo hayakuonyesha kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kwa watu wa kompyuta. Pesa hiyo ongezea monita.

Kinachokausha macho hasa ni kukodoa. Mtu akikazia skrini macho hupepesa mara chache kuliko kawaida, na machozi hukauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Tena msimu wa kukoboa mahindi, vumbi linapojaa mjini, si haki kuilaumu monita kwa kila muwasho.

Wala monita haitibu macho yanayohitaji miwani. Utafiti uliofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia na kundi la watafiti akiwemo Dkt Hillary Rono wa Kitale, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha jinsi kupata tatizo na kulishughulikia ni mambo mawili tofauti. Kati ya watoto waliopatikana na kasoro, ni asilimia 22 tu waliofika hospitalini kwa utaratibu wa kawaida. Pale walimu walipotumia simu kupima na wazazi kukumbushwa kwa ujumbe, walifika asilimia 54. Watu wazima nao hawana kumbukumbu bora. Pima macho kwanza, kisha ununue monita.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apange mahali pa kazi pamfae mfanyakazi. Zungumza naye kabla ya kutoa pesa zako mwenyewe.

Na yapo mambo ambayo hayangoji monita wala kibodi. Vidole vikifa ganzi, maumivu yakishuka kutoka shingoni hadi mkononi, mkono ukilegea, au uone vimulimuli na kivuli kama pazia jichoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.