Akipotea kijiweni, usiseme anaringa!

JAMAA alikuwa wa kwanza kufika gulio la Ngaramtoni kila Alhamisi na Jumapili. Akishamwaga mitumba yake chini, kelele zake zinasikika mpaka barabara ya Namanga. Sasa ni wiki ya tatu haonekani. Kijiwe kimeshatoa hukumu: anaringa, kapata vijisenti. Wengine wanasema demu kamtosa. Bibi yake kule Olmotonyi anaapa kuna mkono wa mtu. Na ukimfuata chumbani kwake mwenyewe, anakujibu neno moja tu: "Mawazo."

Jina lake usiniulize, msomaji. Kila mtaa una wa kwake, kuanzia Sakina mpaka Usa River.

Hilo neno "mawazo" ndilo linalotupoteza. Tunalitumia kwa kodi ya chumba, kwa ada ya mtoto, kwa mapenzi, na tunalitumia hilo hilo kwa maradhi. Wataalamu wana neno lao, sonona, na tofauti yake ni hii: kodi ikilipwa, mawazo ya kodi yanakwisha. Sonona haijali kodi. Mtu anakaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, moyo umekufa ganzi. Hata mpira aliokuwa akiupenda haumsisimui. Usingizi unakata saa tisa usiku, au analala kutwa na bado anaamka amechoka. Chakula hakipiti. Anajiona hana maana na ni mzigo kwa wenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria wenye hali hiyo ni zaidi ya milioni 280 duniani, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Sasa hao wote wanaringa?

Hapa kwetu ugonjwa huu una ujanja mmoja: unapita mlango wa nyuma, mwilini. Mtu haendi kwa daktari kusema "nina huzuni". Anasema kichwa kinamgonga, kifua kinabana, tumbo linawaka, mgongo umekatika. Anapimwa malaria, hakuna. Anapimwa taifodi, hakuna, na pengine anapewa vidonge hivyo hivyo ili asiondoke mikono mitupu. Mwezi ujao yuko maabara nyingine. Fedha inakwisha, na ugonjwa haujatajwa hata mara moja. Vipimo si vibaya, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo navyo vinaweza kumlegeza mtu vivyo hivyo. Tatizo ni kuishia hapo.

Kwa nini hasemi? Anaogopa "Milembe"! Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, tumeigeuza tusi la mtaani. Mtu akivaa soksi mbili tofauti tu, "huyo apelekwe Milembe". Kumbe wagonjwa wengi wa sonona hawahitaji kulazwa popote. Wanatibiwa huku wakiendelea na shughuli zao. Lakini nani atakwenda kusema, akijua kesho atakuwa hadithi ya kijiwe? Wanaume ndio kabisa: mwanamume wa Kiarusha hatakiwi kulia, basi anakunywa. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, ila gongo haikwenda popote, na pombe humzamisha zaidi mwenye sonona, hata kama saa mbili za kwanza zinamdanganya.

Tuje kwenye tiba. Ya kwanza ni maongezi, na usicheke! Mwaka 2002 wataalamu walikwenda Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, ambako Ukimwi ulikuwa umefagia familia nzima nzima. Wakachukua vijiji 30. Katika nusu yake wenye sonona walikaa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yalivyobadilika. Viongozi hawakuwa madaktari, ni watu wa huko huko waliofundishwa wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na ugonjwa kwenye vikundi walikuwa kama 7 katika kila 100. Kwenye vijiji visivyo na vikundi walikuwa karibu 55. Bila kidonge hata kimoja! Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati.

Ya pili ni dawa, na hizi zilianza kama bahati. Mwaka 1952 hospitali moja ya kifua kikuu New York, tuseme Kibong'oto ya kwao, ilijaribu dawa mpya ya kifua iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa hoi wakaanza kuchangamka na kucheza muziki wodini. Leo hutumika nyingine, kama amitriptilini na fluoksetini. Ila zina masharti. Hazifanyi kazi kama panadoli: subiri wiki mbili mpaka nne. Ukipona usizitupe, endelea walau miezi sita, na uache kwa maelekezo ya daktari. Usigawane na mshikaji, wala usijinunulie duka la dawa, maana kuna mwenye sonona ambaye miezi mingine hupanda juu, halali na anatapanya fedha, na dawa hizi peke yake zinaweza kumrusha zaidi.

Kuna jambo halitaki utani. Mtu akisema "bora nife", usimwambie aache uzushi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, dawa za shambani zifungiwe kwa jirani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wapo wanaoogopa polisi, maana sheria tulizorithi kwa mkoloni ziliita jaribio hilo kosa la jinai, hivyo familia humdanganya daktari. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa wa Ngaramtoni, Selian iko pale pale, na ukishuka mjini kuna hospitali ya mkoa ya Mount Meru. Msindikize jamaa yako, maana peke yake ataishia kusema kichwa kinauma. Mwambie aseme hivi: "Daktari, ni wiki ya tatu silali, sili, sina hamu ya kitu chochote, na kila siku naona heri nisingekuwepo."